Kosa Lisomeke

Hapa Bariadi bado wapo wanaosema kwamba Mkemia aliondolewa maabara kwa uzembe. Wanasema alichafua sampuli za mto, akaiaibisha ofisi, na ndiyo maana jina lake likawa la kwanza walipoanza kupunguza watu kazini. Wanayasema hayo msibani, kwenye foleni ya benki, na mbele yangu mimi niliyefanya naye kazi miaka saba. Sasa nimechoka kunyamaza. Sampuli zile zilichafuliwa kweli, lakini aliyezichafua ni mimi. Yeye alibeba, na mimi nikamwacha abebe.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo waulizeni wapenda habari. Mimi nilimkuta ana koti jeupe lenye matundu ya asidi mfukoni, na siku anaondoka alikuwa na koti lilelile. Tulimwita Mkemia. Hata mumewe alimwita Mkemia. Vijijini walimwita mayu, kama wanavyomwita mama yeyote wa heshima, naye huko aliitika kwa upole ambao sisi wa ofisini hatukuupata.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi ya maji, wakati huo bado tuko chini ya mkoa wa Shinyanga. Tulipima maji ya visima na tulipima tope la mto. Hilo la tope liliwachekesha watu sana. Karani mmoja wa ofisi ya jirani hakupita mlangoni kwetu bila kuuliza kama tope la leo limeiva. Mkemia alimjibu mara moja tu, tena bila kutabasamu. "Maji ya mto yanapita, bwana. Ukiyachota leo yatakwambia habari za leo. Mtu akimwaga uchafu mwaka juzi, nitamuuliza nani kama si tope?" Karani alicheka, lakini tangu hapo alipita upande wa pili.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Tope linakaushwa, linapondwa, linachekechwa, linachemshwa kwenye asidi, kisha linasomwa kwenye mashine. Yetu tuliachiwa na mradi wa wafadhili walipofunga virago. Mashine itakupa namba tu, hata ukiipa takataka. Mkemia hakushangilia namba. Alichotaka kujua ni kama unaweza kusimama mbele ya watu ukaiapia.

Kwa hiyo alikuwa na shahidi. Shahidi ni mtungi wa tope alilolichota mwenyewe, akalikausha, akalichekecha, akalichanganya siku tatu mpaka kijiko cha juu na kijiko cha chini vikawa kitu kimoja. Akatuma vijiko kwenye maabara kubwa tatu, zote zikarudisha namba inayokaribiana. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya sampuli ya mtu yeyote, shahidi alisomwa kwanza. Namba yake ikitoka ileile, tunaendelea. Ikitoka nyingine, hakuna kazi siku hiyo mpaka tujue tumekosea wapi.

Alikuwa pia na msafiri. Huyu ni mchanga uliooshwa na kuchomwa mpaka hauna kitu, tunautia kwenye chupa kama zile za sampuli, tunakwenda nao mtoni, tunaufungua, tunaufunga, tunarudi nao. Haugusi maji wala tope. Ukirudi na uchafu, basi uchafu huo hautoki mtoni. Umetoka kwetu.

Na alikuwa na neno moja lililotutoa jasho: rudia. Kila sampuli ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza alisema rudia, mara ya pili alisema rudia, na mara ya tatu ndiyo anakuruhusu kuandika. Aliizoea tabia hiyo mpaka nje ya kazi. Nilipomwambia kwamba nina mimba ya mtoto wangu wa pili, aliniangalia kwa muda halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena. Mara ya tatu akanikumbatia, na asidi ya koti lake ikanikereketa pua.

Daftari nalo lilikuwa na sheria zake. Hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kosa lisomeke, halafu unaandika lililo sahihi pembeni, unatia sahihi na tarehe. Na anayepiga mstari ni yuleyule aliyeandika, hata kama bosi ameliona kosa kabla yake. Siku moja nilimwona amekaa na daftari wazi, anamsubiri mpimaji mwenzetu arudi kutoka chakula cha mchana, kwa ajili ya sifuri moja tu. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Nilimwambia, si uikate tu, Mama. Akasema, "Sikuiandika mimi."

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa mkali bila sababu, na hakuomba radhi hata siku moja. Alimfokea mpimaji yule mbele ya wageni kwa kuvunja kifaa ambacho yeye mwenyewe alikipasua wiki moja kabla. Mwanangu alipougua surua alininyima ruhusa, akasema tope tulilochota Lingeka haliwezi kusubiri, kisha jioni akaja kwangu na kuku mkononi kama vile aliyeninyima ni mtu mwingine. Huyu aliyepima asidi kwa tone, nyumbani kwake chumvi aliitia kwa konzi na chakula chake kilikuwa hakiliki. Maabara alifunga kwa kufuli mbili, nyumba yake aliiacha wazi. Saa yake ya mkononi ilichelewa dakika kumi na tatu na alikataa katakata kuirekebisha. "Najua inachelewa kiasi gani," alisema. "Ya kwako wewe unajua?" Nikaiangalia ya kwangu, sikujua.

Chakula ndani ya maabara kilikuwa marufuku, lakini aliipenda sana michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikula amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na aliamini kabisa kwamba hiyo ni nje. Mwaka wangu wa kwanza aliniletea michembe ya nyumba tatu tofauti, akaniambia nionje. Ya pili ilinuka moshi.

"Kiazi hiki kilivunwa kina moshi?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Shamba lilikuwa na moshi?"

"Hapana."

"Moshi umetoka wapi?"

Nikasema umetoka kwenye chombo, labda walikihifadhi kwenye kapu lililokaa juu ya jiko. Akatikisa kichwa kuafiki, akamalizia michembe yote yeye. Somo hilo nilipewa bure, nikalielewa, na bado nikafanya nilichofanya.

Ilikuwa enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wa pamba walijaa, mitumba ilijaa, na kwenye kingo za mto zikaja yadi za kuoshea dhahabu. Kwetu sisi uhuru huo wa soko ulikuja kwa njia nyingine: bohari ya serikali iliacha kutuletea chupa. Tuliambiwa tujitafutie. Tukawa tunanunua chupa zilizotumika gulioni, na Mkemia akaweka sheria. Kila chupa ya nje ilowekwe kwenye asidi siku mbili, karatasi iliyomo ndani ya kifuniko itolewe, isuuzwe mara tatu. Asidi yenyewe ilikuwa imebaki dumu moja, na kila jioni yeye mwenyewe aliweka alama ya penseli na tarehe ubavuni mwa dumu kuonyesha ilipofikia.

Yadi moja karibu na Ngulyati iliomba kuongezewa eneo hadi ukingoni kabisa, pale ambapo watu wananywesha ng'ombe na kulima mpunga. Wanakijiji wakakataa. Walisema yadi inamwaga zebaki, ile dawa nzito ya kukamatia dhahabu, mtoni. Mwekezaji akasema ni majungu. Ofisi ikaagiza tope lipimwe, la juu ya yadi mto unakotoka na la chini yake unakokwenda, kabla ya mkutano wa kuamua. Kwa wale watu hili halikuwa jambo la karatasi. Yadi ikipewa ukingo, hawana pa kunyweshea.

Chupa nilinunua mimi, siku ya Jumamosi, na safari ilikuwa Jumatatu. Niliangalia dumu la asidi, nikaona nikiziloweka zote tutabaki na nini cha kuchemshia? Nikazisugua kwa mchanga na majivu, karatasi za vifuniko nikaziacha, nikazianika juani, zikang'aa kuliko vyombo vya kwangu. Nikaandika kwenye daftari: Zimelowekwa siku mbili. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Sikujua kwamba muuzaji yule alikuwa anaziokota kwa wanunuzi wa dhahabu, na kwamba zebaki ilikuwa imejificha kwenye karatasi za vifuniko.

Matokeo yalitoka makubwa ajabu. Kabla hata hatujamsoma msafiri, mpimaji alishamwambia mtu, na mtu akamwambia mtu, na mchana mwenyekiti wa kijiji alikuwa mlangoni kwetu na wazee wawili, wanacheka. Mkemia akawaomba wasubiri nje. Akamsoma msafiri. Mchanga ule ambao haukugusa mto ulikuwa na zebaki karibu sawa na tope. Akasema rudia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara ilikuwa vilevile.

Akafungua daftari kwenye ukurasa wangu. Akausoma. Akaniangalia.

"Hapa pameandikwa zimelowekwa," akasema.

Mimi nikaangalia sakafu. Nilikuwa na watoto wawili na majina ya kupunguzwa yalikuwa yanaandikwa wiki ileile. Akalifunga daftari taratibu.

Nikamwambia, "Mama, lakini yadi inamwaga kweli. Kila mtu anajua. Hii namba inawafaa hawa wazee."

"Namba hii imetoka kwenye chupa zetu," akasema. "Tukiwapa hawa wazee watakwenda nayo mkutanoni, itawaangukia."

Alitoka nje akawaambia wazee palepale kwamba matokeo hayafai, yamechafuliwa na maabara. Mwenyekiti hakucheka tena. "Mayu, umetuuza," alisema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na wasiojua Kisukuma wasikie. Mkemia hakujitetea. Alisema atarudi mtoni kabla ya mvua. Wazee wakaondoka bila kuaga, na kwa watu wa kwetu kuondoka bila kuaga ni tusi kubwa.

Siku ya pili akaja mtu wa mwekezaji, mpole, amevaa vizuri. Kwa kuwa matokeo yamefutwa, alisema, basi maabara iandike kwamba mto ni safi. Bosi wetu wa wilaya alikuwa amekaa pembeni yake anatikisa kichwa kukubali.

"Sijasema ni safi," Mkemia akajibu. "Nimesema sijui."

"Mtaalamu huwezi kuandika hujui," akasema bosi.

Akaandika mbele yao, nakala tatu. Barua ilisema matokeo ya kwanza ni batili, sababu ni chupa za maabara, kosa ni la maabara na yeye ndiye mkuu wake, hali ya mto haijulikani mpaka upimaji urudiwe. Akatia sahihi. Akapeleka nakala moja kwa mwekezaji, moja kijijini, moja ofisini. Bosi alimwambia amejichongea. Yeye akamuuliza kama kuna neno lolote la uongo kwenye barua.

Gari hawakutupa. Chupa tulipata hospitali ya misheni, zile za kioo za dripu, Mkemia akaziloweka mwenyewe huku mimi nimesimama namtazama. Tukaenda kwa baiskeli, yeye na umri ule, msafiri kwenye kapu lake, wingu limeshafunga upande wa Maswa. Hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyetusalimia. Mkemia alichota tope vilevile, akaligawa mafungu mawili, moja akalifunga kwa lakiri na kumkabidhi mwenyekiti aliyekuwa amesimama mbali amenuna. "Hili msimpe mtu mpaka mkutano," akamwambia. Mvua ilianza tuko njiani.

Safari hii msafiri alirudi mtupu. Shahidi akatoa namba yake. Na tope la chini ya yadi lilikuwa na zebaki, pungufu sana kuliko ile ya kwanza, lakini mara nyingi zaidi ya tope la juu.

Mkutanoni, kwenye darasa la shule ya msingi, mwekezaji alikuja na mtaalamu kutoka mjini. Yule bwana alisimama amejiandaa vizuri. Aliuliza, "Ni kweli kwamba maabara hii ilinunua chupa gulioni?"

"Ni kweli," Mkemia akasema.

"Na zilikuwa chafu?"

"Zilikuwa chafu. Tuliwaandikia. Barua iko kwenye faili lako, ukurasa wa juu."

Alifungua faili. Akaisoma barua tukiwa wote tunamsubiri. Maswali mengine aliyokuja nayo yote yalikuwa yamejibiwa mle. Mkemia akamwomba mwenyekiti atoe fungu lenye lakiri, akampa mtaalamu aende akalipime kwake anavyotaka. Wiki tatu baadaye namba yake ilirudi, inakaribiana na yetu. Yadi ilinyimwa ukingo. Mwenyekiti alikuja maabara na mtamba wa kondoo, akasema wabeja, mayu, asante, na Mkemia akamrudisha na kondoo wake kwa sababu watu watasema namba imenunuliwa.

Mwezi uliofuata walitoa majina ya kupunguzwa. La kwake lilikuwa juu, na sababu iliandikwa: amekiri uzembe kwa maandishi. Waliitumia barua ileile. La kwangu halikuwemo.

Nilipaswa kusema siku ile. Nilimwona akifunga vitu vyake kwenye boksi la sabuni, mtungi wa shahidi akautengea mahali pake mezani, akaniambia nimsome kila asubuhi. Daftari alilichukua, kwa sababu madaftari ya zamani walikuwa wanayawashia moto wa takataka. Nikamshika mkono nikamtakia heri. Maneno yalifika mdomoni nikayameza, na niliendelea kuyameza miaka yote niliyobaki na mshahara, watoto wakasoma, maabara ikafungwa.

Nilimwona tena mwaka jana, huko Binza, kwa binti yake mwenye duka dogo. Macho yalikuwa yamekwisha. Nilimsalimia kwa Kisukuma, Mwadila, mayu, akaijua sauti kabla sijamaliza.

"Shahidi yuko wapi?" akauliza, hata kiti sijakalia.

Nikamwambia walimwaga mtungi walipofunga maabara. Nikaona kama sitasema sasa, nitakuja kusema kwenye kaburi lake. Nikasema, "Mama, zile chupa sikuziloweka."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Jioni niliangalia dumu. Alama ya Jumatatu ilikuwa palepale pa Ijumaa."

Nilishikwa na aibu, na hasira pia, kwani miaka yote hiyo nilikuwa namwogopa mtu anayejua. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliacha wamtupe nje na jina lile.

"Sikuandika mimi," akasema. Halafu akamwita binti yake alete daftari.

Lilikuwa limefungwa kwenye kanga. Nikaukuta ukurasa wangu, mwandiko wangu mzuri. Binti akanipa kalamu. Nikapiga mstari mmoja mwembamba juu ya Zimelowekwa siku mbili, likabaki linasomeka. Pembeni nikaandika, nikatia sahihi na tarehe. Safari hii mwandiko haukuwa mzuri.

"Soma," akasema Mkemia.

Nikasoma.

"Rudia."

Nikasoma mara ya pili. Binti yake alikuwa ameacha wateja dukani, amesimama mlangoni anasikiliza. Mkemia akasogeza uso wake upande wangu, akasema tena, "Rudia." Nikafungua mdomo, kilio kikanizidi, sikuweza. Akanipapasa goti, akaniambia ya tatu nikaisome nyumbani.

Nyumbani ni Bariadi. Basi sikieni, nyie wa foleni ya benki. Chupa zile hazikulowekwa. Nilizinunua mimi, niliogopa kumaliza asidi, nikaandika uongo. Mkemia hana kosa.